Mpangaji Asiyesema Yamekwisha

Cheche aliligonga lile geti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akainama akaligonga tena chini karibu na bawaba, halafu akacheka peke yake kwa furaha. Hapo ndipo alipoibiwa. Fedha zilitoka mkononi baadaye, tena kwa hiari yake, lakini kuibiwa aliibiwa pale getini.

Sasa msianze kumcheka. Kila mtu ana mahali pake pa kuingiliwa. Kuna anayelainika akisifiwa watoto, kuna anayelainika akiitwa mheshimiwa. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke pekee mwenye kazi hiyo mtaa mzima, na kwake yeye mwenye nyumba anajulikana kwa mlango wake. Akiona bawaba zimeungwa kwa pupa, basi huyo mtu ni wa kukimbiwa. Akiona zimeungwa kwa utulivu, zikasuguliwa, zikapakwa rangi mara mbili, basi huyo ni mtu wa maana. Majirani wana midomo, alizoea kusema, chuma hakina. Kwa hiyo majirani hakuwauliza.

Kijana aliyesimama pembeni na funguo mkononi alikuwa mpole, shati limenyooshwa, na akicheka unaona pengo la jino la mbele. Watu walimwita Meneja, jina alilojipa mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwuliza ni meneja wa nini. Wenye watoto aliwaonyesha uwanja, wenye magari akawaonyesha maegesho. Huyu mama mwenye makovu ya moto mikononi hakumwonyesha kitu. Alimwacha agonge.

"Mama, wewe ni fundi," alisema. "Nikikudanganya wewe, nani atabaki wa kumwambia ukweli?"

Kilemba cha ukoka hicho, na Cheche alikivaa mpaka masikioni.

"Mwenye nyumba yuko ng'ambo," Meneja akaendelea. "Kila kitu amenikabidhi mimi. Ila nakuomba, ukihamia usiwe na mazungumzo sana na hawa majirani, wana kijicho, wanampelekea maneno. Na kama umeipenda sema leo, maana kuna mtu anakuja kuiona mchana."

Mwenyewe yuko mbali, usiulize watu, lipa upesi! Tapeli wa nyumba akikwambia moja kati ya hayo unashtuka. Huyu aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, na Cheche wakati huo alikuwa anafungua na kufunga komeo la mlango, anasifia linavyoteleza.

Kilichompeleka mbio ni kifua cha mama mkwe wake. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kuchomelea na mama yake mzazi, na mafundi wenzake walimtania kwamba vyote viwili ukivigusa vibaya vinakuunguza. Ulimi wa mama mkwe ulikuwa mzima kabisa, lakini kifua kilikuwa kimeanza kumshinda. Kuta za chumba walichokaa zilikuwa zimeota ukungu, na kila kukicha yule mzee alikohoa mpaka akashika kitanda kwa mikono miwili. Daktari alisema mtoeni kwenye unyevu, la sivyo msije kunilaumu. Nyumba hii ilikuwa kavu, madirisha mapana, jua linaingia mpaka uvunguni. Cheche akalipa kodi ya nusu mwaka na dipoziti juu, akarudisha funguo za chumba cha zamani, na siku hiyo hiyo chumba kile kikapata mtu mwingine. Kurudi nyuma kukawa hakuna.

Walikaa kwa raha. Mama mkwe aliweka kiti chake dirishani, akawa anaota jua na kuwasema wapita njia, na kikohozi kikaanza kupungua. Cheche akirudi kutoka karakana alisimama kwanza ukumbini kusikiliza kile kifua, na kila siku alisikia nafuu. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana na hadaiwi na mtu.

Halafu asubuhi moja geti likafunguliwa kutoka nje. Halikugongwa, lilifunguliwa, kwa ufunguo. Akaingia mwanamume mrefu amekumbatia kioo kikubwa kama anacheza nacho dansi, na nyuma yake mkokoteni umebeba viti viwili vya kinyozi, godoro na masufuria.

"Nyinyi ni akina nani?" akauliza yule mwanamume.

"Sisi ni wapangaji. Wewe je?"

"Mpangaji ni mimi. Nimelipa juzi."

"Umemlipa nani?"

"Meneja."

Lo! Cheche akaelewa. Lakini Cheche akiogopa mdomo hupanda, ndivyo alivyo, na papo hapo akaanza kumfokea kinyozi kana kwamba yeye ndiye mwizi. Kinyozi naye hakukubali kuonewa, akaweka kioo chini na kukunja mikono ya shati. Kelele zikafika barabarani. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani.

"Piganeni!" akawaambia. "Piganeni vizuri, mng'oane na meno. Aliyewala nyote wawili amekaa kivulini anakunywa soda, na nyinyi mnamsaidia kazi ya kufukuzana. Wajinga nyie!"

Kinyozi akatoa simu, Cheche akatoa yake, wote wakampigia Meneja, na simu zote mbili zikasema kwa sauti ile ile ya dada mwenye adabu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Wakatazamana. Kinyozi alikuwa mtu mzima, lakini machozi yalimlengalenga, na Cheche akamwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

"Leta kioo chako ndani," akamwambia. "Kiweke ukumbini, kisije kikapasuka. Tutalala wewe huku, sisi kule. Kama ni kusubiri, tusubiri wote."

Hawakusubiri sana. Wiki haijaisha, mwanamke wa makamo aliteremka kwenye teksi na begi lake, akafungua geti, akakuta suruali za mwanamume zimeanikwa kwenye kamba yake ya nguo. Alikuwa nesi mstaafu, anatoka mji mwingine kumwuguza binti yake aliyejifungua, na alikuwa amechoka hata salamu hana. Alipiga yowe la mwizi lililotoa mtaa mzima nje.

Cheche akatoka mlangoni. "Karibu," akasema, maana kwa kweli hakujua aseme nini.

"Unanikaribisha kwangu?"

"Kwako?"

"Kwake ndiyo!" akadakia jirani kutoka juu ya ukuta. "Hii ni nyumba ya Nesi, kaijenga tofali kwa tofali tunamwona. Mbona hukuuliza? Hata mtoto wa chekechea angekwambia."

Aibu ilimpanda Cheche kutoka miguuni. Swali moja tu, bure, la kuuliza juu ya ukuta! Alitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi haikupasuka, watu walikuwa wanamtazama, na akaona kwamba kama atasimama pale na aibu yake kichwani basi atafukuzwa nayo. Akapiga moyo konde.

"Funguo nimepewa na kijana," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Nimemlipa kodi. Anajiita Meneja. Mpole, shati limenyooshwa, ana pengo hapa mbele."

Nesi aliposikia pengo alikaa juu ya begi lake pale pale uani. Kisha akainuka, akawaambia majirani warudi makwao, hakuna wizi, ni kutoelewana tu. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Walipokuwa ndani akaeleza. Kijana huyo ni mtoto wa kaka yake, mama yake alifariki yeye kijana angali anatambaa, na yeye ndiye aliyemlea. Wakati wa safari alimwachia funguo afungue madirisha asubuhi na kuyafunga jioni, nyumba isije kunuka. Basi.

"Kwa hiyo mnanielewa," Nesi akasema. "Jambo hili ni la ndani ya familia."

"Na mimi niliyeibiwa ni wa familia gani?" akauliza Cheche.

Nesi akatazama pembeni. Akaomba apewe muda aitishe kikao.

"Kiitishwe," Cheche akajibu. "Ila kutoka hapa sitoki, mpaka aliyeniingiza aje anitoe uso kwa uso."

Kikao kikakaa siku iliyofuata sebuleni kwa Nesi. Alikuja baba yake Meneja, ambaye ukoo wote ulimwita Kaka Mkubwa, na Cheche alipomwona akiingia mlangoni alimtambua mara moja. Alikuwa yule muuza vyuma ambaye yeye Cheche huchukua mali dukani kwake kila wiki. Meneja alitembea nyuma ya baba yake, kichwa chini, na hajamaliza hata kuvuka kizingiti akapiga magoti.

"Nimekosa," akasema. "Shetani alinipitia."

Watu wakashusha pumzi. Shangazi mmoja wa pembeni akafuta machozi. Kaka Mkubwa akajikohoza, akasema mtoto amekiri na amepiga magoti, na katika ukoo wao mtoto akishapiga magoti, aliyekosewa hutamka neno moja tu, yamekwisha, watu wakanywa chai na kila mtu akaenda zake. Ndivyo walivyokuwa wakimaliza mambo tangu zamani. Akamgeukia Cheche na kusubiri.

"Fedha zetu ziko wapi?" Cheche akauliza.

Meneja akajibu akitazama sakafu, "Zimekwisha."

"Basi zilizokwisha ni hizo. Mengine bado."

Kaka Mkubwa hakukasirika. Alitabasamu tabasamu la dukani. "Binti yangu, vyuma unachukua kwa nani?"

"Kwako, mzee."

"Unalipa kwanza, au unalipa ukishauza mageti yako?"

"Nikishauza."

"Haya," akasema Kaka Mkubwa, akaegemea kiti.

Hapo Nesi akaingilia, na aliongea kwa upole, kwa sababu kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye anaweza kwenda kukaa kwa binti yake kwa muda. Cheche na mama mkwe wake wabaki humu ndani, hawadaiwi chochote, mpaka muda waliolipia uishe. Sharti ni moja tu, jambo hili lisifike polisi.

"Na mimi?" akauliza kinyozi.

"Nyumba ni moja," akasema Kaka Mkubwa. "Wewe tutaona."

Cheche alitaka kukubali. Nisiwafiche. Alimtazama mama mkwe wake aliyekaa dirishani na jua mapajani, siku mbili hajakohoa usiku, na neno lile lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nani angemlaumu? Angepata nyumba kavu, vyuma vya mkopo na amani, na angelipia kwa neno moja. Alishafungua mdomo.

Simu ya Meneja ikatetemeka mfukoni. Akaikata. Ikatetemeka tena.

"Pokea," akasema Kaka Mkubwa kwa kiburi, "wasije wakafikiri una la kuficha."

Meneja akapokea. Kilikuwa kisimu cha zamani, kile ambacho anayepiga anasikika chumba kizima, na ikasikika sauti ya mama mmoja, ya furaha tele: "Meneja! Ile dipoziti nimeipata, nimeuza mashine yangu ya kusagia. Nije saa ngapi kuchukua funguo?"

Meneja akazima simu, bado amepiga magoti.

"Hilo nalo," Kaka Mkubwa akasema, "tutakaa tuliongee."

Cheche aliinuka. Hasira iliyompanda ilikuwa safi, haikuwa na woga hata chembe, na yeye mwenyewe aliishangaa.

"Mtaliongea! Huyo mama naye mtamwita hapa, mtampigia magoti, mtampa chai? Mtampa nyumba gani yeye, maana hii mmeshanipa mimi? Kodi nilimlipa huyu kijana mbele, sasa na msamaha nao mnataka niulipe mbele? Sisemi. Hilo neno lenu silisemi!"

"Basi dukani kwangu usikanyage tena."

"Sikanyagi. Nitachomelea hata makopo."

"Na nyumbani kwa dada yangu utoke leo."

Hapo Cheche ndipo alipoyumba. Akageuka kumtazama mama mkwe. Yule mzee alikuwa ameshainuka kwenye kiti, anakunja shuka lake.

"Usinitazame mimi," akamwambia mkwewe. "Kifua ni changu, na sijamtuma mtu akiuze. Njoo ushike upande wa pili wa hili godoro."

Wakahama. Kinyozi akaenda kuuleta ule mkokoteni, wakapanga magodoro, kabati, viti vya kinyozi, mashine ya kuchomelea, na juu kabisa wakamkalisha mama mkwe na kioo mapajani, jua linamwakia kotekote. Majirani walitoka kutazama. Yule wa ukutani akauliza wanakwenda wapi na mizigo yote hiyo. Mama mkwe akamjibu kwamba leo ameuliza yeye, kesho asome gazeti.

Walikwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Askari wa dawatini alisikiliza nusu, akaweka kalamu chini.

"Nimeshapigiwa simu kuhusu nyinyi," akasema. "Nimeambiwa ni mambo ya kifamilia. Mwenye nyumba akisema kijana alikuwa wakala wake, basi hakuna jinai hapo, mkadaiane huko huko. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Hakuja."

"Asipokuja kusema mwenyewe, mimi sina cha kuandika."

"Sawa," akasema Cheche. "Tutamngoja."

Wakaanza kuteremsha mizigo. Kabati likakaa kando ya mlango wa kituo, magodoro yakaegemea ukuta, mama mkwe akawekewa kiti kivulini.

"Nyie! Hapa si stoo!"

"Najua, afande. Stoo inafungwa. Hapa ukutani mmeandika mko wazi kwa raia muda wote, na raia ni mimi."

Askari alifoka, akatishia, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alitoka, akaukuta uso wa mama mkwe, akarudi ndani kumalizia faili. Watu wenye shida zao waliingia na kutoka wakipita katikati ya masufuria, kila mmoja akauliza kuna nini, na kila mmoja Cheche alimsimulia tangu mwanzo, bila kuruka hata lile kosa lake la kugonga geti badala ya kugonga kwa jirani. Aibu ilikuwa imeshamtoka, alikuwa ameichoka. Mwanamume mmoja akasema hata yeye aliwahi kulipia chumba ambacho hakipo. Mwanamke akasema yeye ana vyumba vyake, na mpangaji mmoja alivipangisha kwa watu wengine akatokomea. Wote walikuwa wamekaa kimya miaka yote hiyo, wakiona haya. Kinyozi naye, mikono ikimwasha, akakisimamisha kioo kwenye ukuta wa serikali na kumnyoa askari aliyekuwa anatoka zamu.

Alasiri mama mkwe akaanza kukohoa. Vumbi la uwanja lilikuwa limemwingia. Cheche alipiga magoti mbele yake akamsugua mgongo, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kweli, akajiuliza kama hakumbebesha mzee wa watu kiburi chake.

"Sugua," mama mkwe akamwambia katikati ya kikohozi. "Usifikiri. Sugua."

Ndipo Nesi akaingia uwanjani. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, peke yake. Alisimama akaangalia kabati, magodoro, na yule mzee anayekohoa. Akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya kazi, akamsikiliza mapigo mpaka kikohozi kilipotulia. Hakumsalimu mtu. Kisha akaingia ndani mpaka kwenye dawati, Cheche na kinyozi wakamfuata.

"Mtuhumiwa ni nani wako?" akauliza askari.

"Ni mwanangu. Baba yake ni kaka yangu, ila aliyemfundisha kutembea ni mimi."

"Ulimpa ruhusa ya kupangisha ile nyumba?"

Nesi alishika ukingo wa dawati. Simu ikaanza kuita ndani ya pochi yake. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, na kila aliyesimama pale alijua anayepiga ni nani. Cheche alikuwa amekuja na hasira ya kutosha ukoo mzima, lakini alipomwona yule mwanamke alivyoushika ukingo wa dawati, hasira ikapoa. Alijua anachomwomba, na bado alikuwa anamwomba.

Nesi akaitoa simu, akaizima, akaiweka chini. Akatoa na funguo, akazitia mkononi mwa Cheche bila kumtazama usoni.

"Kikaoni nilikupa kwa sharti," akasema. "Sasa chukua. Mtoe yule mama vumbini." Akamgeukia kinyozi. "Wewe sina chumba cha kukupa. Mdomo ninao."

Halafu akamwinamia askari.

"Nilimpa funguo afungue madirisha. Kupangisha sikumtuma, na hela za hawa watu amewaibia. Andika hivyo hivyo, baba, na uandike upesi, kabla sijawa shangazi tena."